Artemisia ya lupango: ipi ya mwaka mmoja, ipi ya kudumu?



Mvua ya kwanza imekaribia. Kila mwaka wakati kama huu tunaongea juu ya mbegu, na kwa kawaida ni karanga, mpunga na lenga-lenga. Juma hili tumeziweka hizo kando kidogo, sababu vikundi vitatu vimetuuliza jambo moja kwa maneno karibu yale yale. Kuna watu wanapita na sashe ndogo za mbegu. Wanasema ni artemisia, mmea wa malaria. Wanaomba kikundi kitoe pesa ya likelemba kinunue mbegu ya shamba zima, na wanaahidi kwamba ukishapanda mara moja utavuna miaka na miaka. Maswali yenu ni haya: mmea huu unadumu kweli? Tuchague upi? Na tukiwa nao nyumbani, tuwape watoto wenye homa?

Tutajibu yote. Tunamwomba tu yule anayesomea kikundi asiishie katikati, maana swali la mwisho ndilo zito kuliko yote, na hatuwezi kulijibu vizuri kabla ya kuujua mmea wenyewe.

Kwanza, jina artemisia si jina la mmea mmoja. Ni jina la ukoo mkubwa wenye mimea mamia, na ukoo huo uko ndani ya jamaa kubwa zaidi, ile ya alizeti. Huko Ulaya wamama wenye bustani za maua wanapanda ndugu mwingine wa jamaa hii, wanaiita akilea, ambayo inabaki ardhini mwaka hata mwaka na inachipua tena baada ya baridi. Nao wanaulizana kama sisi: ipi fupi, ipi ndefu, ipi inadumu, ipi inachoka haraka. Kwetu artemisia zinazotembea mikononi mwa watu ni mbili. Moja ni artemisia annua, iliyotoka China. Ya pili ni artemisia afra, ambayo ni ya Afrika kabisa. Inaota yenyewe katika nchi za milima kuanzia Ethiopia mpaka Afrika ya Kusini.

Annua ni ya mwaka mmoja. Jina lake la Kilatini linasema hivyo hivyo. Inaota, inapanda juu mpaka inampita mtu mrefu, inatoa maua, inaacha mbegu, inakufa. Hakuna namna ya kuikatia wala mbolea itakayoifanya iishi miaka mitano. Kwa hiyo mtu anayekuuzia annua na kukuahidi mavuno ya miaka mingi kwa kupanda mara moja, ama haujui mmea wake, ama anaujua vizuri na anakujua na wewe.

Afra ndiyo ya kudumu. Shina lake linakuwa gumu kama mti mdogo, na ukilikata linachipua tena kutoka chini. Mtu aliye na shina moja zuri la afra anaweza kuwa nalo miaka kadhaa, na akawagawia majirani vipande.

Namna ya kuzitofautisha kwa macho: majani ya annua ni kijani kibichi, laini, yamekatwakatwa vidogo vidogo kama unyoya. Ukiyaponda kati ya vidole yanatoa harufu kali lakini tamu kidogo. Maua yake ni vijidonge vidogo vya njano vinavyoning'inia, havina petali za kuonekana. Afra ina majani ya rangi ya majivu, hasa upande wa chini, kama yamepakwa unga, na harufu yake ni nzito na chungu zaidi. Kama mtu anakuonyesha jani pana lisilo na mikato, au ua lenye petali nyeupe, hiyo ni kitu kingine, hata akiapa.

Sasa juu ya mbegu. Hapa tunataka kukaa kidogo, sababu hapa ndipo pesa za wamama zinapotelea.

Mbegu ya annua ni ndogo kama vumbi. Gramu moja tu inashika mbegu zaidi ya 10,000. Sashe ndogo kama ya majani ya chai ingetosha kupanda eneo kubwa sana, kama mbegu zote zingeota. Kwa hiyo bei ya kupimia kopo au nusu kopo ni mchezo. Hakuna kikundi kinachohitaji kopo la mbegu za annua. Tena udogo huo unafanya iwe rahisi kuchanganya mbegu na takataka za maua makavu, na hakuna jicho la mtu litakalotenga.

Jambo la pili wengi hawalijui, hata baadhi ya maagronomu. Annua inaamua siku ya kutoa maua kwa kuangalia urefu wa mchana. Kule China na Ulaya, wakati wa joto, mchana unapita saa 14, na mmea unaendelea kurefuka na kuongeza majani. Mchana ukishuka chini ya saa 13 na nusu hivi, mmea unajua kwamba mwaka unakwisha, unaacha majani, unaanza maua. Sisi huku hatuna mchana wa saa 14. Kasongo iko karibu na ikweta; kati ya siku yetu ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote kuna tofauti ya karibu nusu saa tu, basi. Mbegu ya kawaida kutoka China ukiipanda Wamaza, inafikiri kila siku ni mwisho wa mwaka. Inaweza kutoa maua ingali fupi, imefika magotini au kiunoni, na majani machache. Mama anasema udongo wake mbaya. Udongo hauna kosa.

Ndiyo maana kuna aina zilizochaguliwa kwa ajili ya nchi zetu, zinazochelewa kutoa maua. Moja inajulikana kwa jina Artemis, mbegu chotara iliyotengenezwa na kituo cha Mediplant cha Uswisi. Ndiyo iliyopandwa sana Kenya, Tanzania na Uganda. Nyingine ni A-3, inayosambazwa na shirika la anamed, lililoanzishwa na mfamasia Mjerumani Hans-Martin Hirt, ambaye alifanya kazi hapa kwetu wakati nchi ikiitwa Zaire. A-3 inaweza kufika metre 3. Lakini angalieni: mbegu chotara haizai watoto wanaofanana na mama. Ukichukua mbegu kutoka shamba la Artemis na kuipanda mwaka unaofuata, mingine itakuwa mirefu, mingine mifupi, mingine itatoa maua mapema, na nguvu ya majani itatofautiana shina kwa shina. A-3 yenyewe watu wanaiendeleza kwa vipande vya matawi.

Kwa hiyo akija mwuza mbegu, mwulizeni mambo haya. Ni aina gani? Ilivunwa lini na wapi? Na je, anaweza kuwaonyesha mmea uliokua hapa hapa Maniema, si picha kwenye simu? Akikosa jibu, mpeni maji ya kunywa na mwende zenu shambani.

Kama mnataka kujaribu annua, jaribuni kidogo, kitalu kimoja kwa kikundi. Tayarisheni udongo laini sana, uliochujwa, kwenye beseni bovu au kreti iliyotobolewa chini. Changanyeni mbegu kidogo na mchanga mkavu au majivu ili msizimwage pahali pamoja. Nyunyizeni juu ya udongo ulio na maji tayari, na msizifunike. Tunarudia hili sababu mkono wa mkulima umezoea kufunika: mbegu ya annua inahitaji mwanga ili iote. Ukiifunika kama karanga, umeizika. Maji msimwage kwa kopo. Wekeni beseni ndani ya maji kidogo yapande kutoka chini, au nyunyizeni kwa tawi la majani. Kivuli chepesi cha matawi ya mchikichi kinatosha. Miche ikifika urefu wa kidole, punguzeni. Ikifika shibiri moja baada ya majuma sita mpaka nane, hamisheni nje jioni, siku ya mawingu, na mwache metre 1 kati ya shina na shina.

Pahali pa kupanda pia pana neno. Msiweke annua katikati ya mboga. Majani yake yakianguka yanazuia mimea mingine midogo kuota vizuri; hiyo ni tabia yake, na imeonekana katika majaribio mengi. Lenga-lenga yako itaonekana kama ina kwashakoo na hutajua kwa nini. Tena msiiweke chini ya dirisha la mtoto mwenye pumu. Unga wa maua ya artemisia unajulikana kwa kuwasumbua watu wenye pumu na wenye mafua ya kupiga chafya. Ikatwe kabla maua hayajafunguka.

Afra ni kazi nyepesi zaidi, na kwa lupango tunaipenda kuliko annua. Haitaki mbegu. Unahitaji tawi moja tu kutoka kwa mtu aliye nayo. Chukua ncha ya tawi changa ambalo halina maua, urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo, toa majani ya chini, acha ya juu machache. Simika kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, na uweke chupa ya plastiki iliyokatwa juu yake ili isikauke. Baada ya majuma mawili au matatu, ukiivuta polepole na ikakataa kutoka, mizizi imeshika.

Ila afra ni mtoto wa mlima. Huko Kivu juu inajisikia nyumbani. Huku kwetu kuna joto, na mvua zetu ni nyingi. Kitu kinachoiua si jua, ni maji yanayokaa kwenye mizizi. Ipandeni kwenye tuta lililoinuka, udongo uliochanganywa na mchanga, pahali panapopata jua la asubuhi. Katika miezi ya mvua kubwa ikianza kuwa nyeusi chini, fungueni mfereji kando yake upesi. Kiangazi kikifika, mwezi wa sita, ikateni ibaki nusu urefu wake, na msikate mpaka kwenye shina gumu lisilo na jani hata moja, maana huko mara nyingi haichipui. Kila miaka miwili au mitatu toeni vipande vipya, sababu shina la zamani linakuwa kama kuni katikati na majani yanabaki pembeni tu. Bustani ya kudumu haina maana ya bustani isiyo na kazi. Akilea ya wale wamama wa Ulaya nayo wanaichimbua na kuigawa kila miaka michache kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa tufike kwenye homa.

Tunajua kwa nini artemisia ina jina kubwa Maniema. Mwaka wa 2015, hapa hapa katika jimbo letu, yalifanyika majaribio ya chai ya annua na afra kwa wagonjwa wa malaria, yakilinganishwa na vidonge vya artesunate na amodiakini. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2019 katika jarida moja la kisayansi, nayo yalisema chai ilishinda vidonge. Habari ilienda mbali, na wengi wetu tuliisikia tukafurahi, maana ilikuwa Maniema inasema kitu na dunia inasikia. Lakini baadaye jarida lenyewe liliiondoa makala ile. Kuondolewa maana yake jarida halisimami tena nyuma ya maandishi yale. Habari ya kuondolewa haikupanda pikipiki kuja Kabambare. Ile ya kwanza ilikuwa imeshafika. Mwaka wa 2020 Madagascar nayo ilitangaza kinywaji chake cha artemisia kwa ajili ya Covid, na bei ya kila jani lililofanana nayo ikapanda sokoni.

Wauzaji wanapenda pia kusema: Wazungu na Wachina wanatengeneza vidonge kutoka mmea huu huu, kwa hiyo mmea ni dawa. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mama mmoja wa China, Tu Youyou, ndiye aliyeongoza kazi ya kuitoa dawa ndani ya annua. Alisoma maandishi ya zamani ya waganga wa kwao, na katika kitabu cha mganga Ge Hong, cha miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, aliona kwamba mmea ulilowekwa katika maji na kukamuliwa, haukuchemshwa. Akawaza kwamba labda moto ndio unaoharibu. Mwaka wa 1971 aliacha kuchemsha, akatumia etha, kitu kama spiriti kinachochemka kwa joto dogo, na hapo dawa ikatoka na nguvu yake. Mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Angalieni basi: yule aliyeufahamu mmea huu kuliko wote aliipata dawa yake kwa kuacha sufuria ya maji ya moto. Artemisinini, ile nguvu yenyewe, haipendi kuingia katika maji. Katika chai inaingia kidogo, na kidogo hicho hakilingani leo na kesho, shina hili na shina lile. Na afra, ile tunayoisifu kwa kudumu, haina artemisinini, au ina kidogo mno. Mtu anayekuuzia afra na kukupa habari za Tuzo ya Nobel anauza jina la annua.

Mtasema: lakini fulani alikunywa akapona. Tunaamini. Mtu mzima aliyeumwa na mbu wa Kasongo miaka thelathini, mwili wake umejifunza kupigana na malaria. Mara nyingi homa inashuka hata kwa maji na usingizi. Tena si kila homa ni malaria. Mtoto wa miaka miwili hana hiyo miaka thelathini. Kwake vijidudu vinaongezeka haraka. Chai inaweza kushusha moto wa mwili jioni, mama akashukuru Mungu, akalala. Vijidudu vimepunguzwa tu, havijaisha, na siku ya tatu vinarudi na mtoto hana damu. Congo yetu ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria, na wanaokufa wengi ni watoto wa chini ya miaka mitano. Hatuwezi kuandika katika gazeti la wamama kwamba wajaribu.

Kuna sababu nyingine inayogusa hata jirani ambaye hajawahi kunywa chai hiyo. Dawa kidogo isiyomaliza ugonjwa inafundisha vijidudu kuizoea. Ndiyo maana vidonge vya siku hizi vina dawa mbili pamoja, na ndiyo maana tangu mwaka wa 2006 Shirika la Afya Duniani limekataza vidonge vya artemisinini peke yake. Mwaka wa 2019 shirika hilo likasema wazi kwamba halikubali majani ya artemisia, yawe chai, yawe unga, kwa kutibu wala kuzuia malaria. Rwanda na Uganda, si mbali na sisi, vijidudu vilivyoanza kuizoea artemisinini vimeshapatikana. Ikifika siku vidonge hivi vimeshindwa, hatuna vingine vingi nyuma yake.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la tatu ni hapana. Mtoto mwenye homa anapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe kidole. Kipimo kinaleta jibu kabla hujamaliza kumnyonyesha. Akikutwa na malaria atapewa vidonge vya siku tatu, na siku tatu ni siku tatu, hata kama siku ya pili anacheza mpira. Akitapika kila kitu, akikataa kunyonya, akishtuka mwili mzima, akiwa mzito wa kuamka, hapo hata usiku ni saa ya kuondoka. Wenye vituo mbali, jueni mapema nani ana pikipiki. Mama mjamzito asinywe chai ya artemisia, annua wala afra. Aende kwenye kipimo cha mimba, na kuanzia mwezi wa nne apewe dawa ya kumkinga, angalau mara tatu kabla ya kujifungua, mwezi mmoja kati ya moja na nyingine.

Tunajua pia kituo kinaweza kukosa dawa, na kwamba kuna pesa ya kulipa. Hilo ni jambo la kudai, si la kuzoea. Kasongo ina historia hapa. Katika miaka ya 1970 kulikuwa na mradi wa afya pamoja na Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, na namna vituo vidogo vya karibu na watu vilivyofanya kazi Kasongo ilisomwa katika vyuo vya nchi nyingi. Kikundi kinachoweza kutoa pesa ya likelemba kwa mbegu za artemisia kinaweza pia kuweka sanduku dogo la dharura kwa mtoto wa mwanachama atakayeshikwa na homa usiku. Vikundi kadhaa vyenu vinafanya hivyo na tunawapongeza.

Kuhusu kuiuza, tutasema kwa ufupi. Mwaka wa 2005 hivi, dunia ilihitaji artemisinini nyingi na haikuwepo. Kilo moja iliyosafishwa ikapita dola 1,000. Wakulima wa Kenya, Tanzania, Uganda, China na Vietnam wakapanda sana. Miaka miwili baadaye bei ikaanguka karibu na dola 200, na wengi wakabaki na majani makavu. Wale wa Kenya walikuwa angalau na kiwanda Athi River cha kuyapokea. Sisi kutoka Wamaza tungepeleka wapi? Gunia la majani makavu ni jepesi na linajaza nafasi ya magunia mawili ya mchele, na njia mnaijua. Mpunga wenyewe uliletwa huku na watu wa pwani katika karne ya 19, ukakaa, ukawa wetu, sababu ulikuwa na mlaji hapa hapa. Artemisia haina mlaji. Msitoe pesa ya kikundi kwa shamba la annua kama hakuna mnunuzi mwenye karatasi iliyotiwa sahihi, na malipo ya kwanza mkononi.

Basi tuitupe? Hapana. Shina moja au mawili ya afra kwenye kona ya lupango ni kitu kizuri. Matawi yaliyokaushwa, yakifungwa katika kitambaa na kuwekwa katika sanduku la nguo, yanafukuza nondo wanaotoboa vitambaa. Watu wa nchi nyingi wamefanya hivyo na artemisia za kwao tangu zamani, na nguo za sikukuu zinatoka na harufu safi. Kausheni kivulini, kwenye upepo, si juani. Jua linachukua harufu yote. Yakiwa tayari yanavunjika mkononi kama karatasi. Wekeni kwenye chombo kinachofungwa, pahali ambapo watoto hawafiki, na mwandike juu kwamba si majani ya chai. Bibi asiyeona vizuri anaweza kuyachanganya na mchaichai.

Kitanda kizuri cha kudumu, kile kilicho karibu na maji ya kuogea, msimpe artemisia. Huko wekeni mchaichai pembeni kushika udongo, papai mbili, migomba, na mihogo michache ya kuchuma sombe. Afra ipewe kona kavu nyuma ya jiko, ambako hakuna kitu kingine kinachotaka kuota.

Wenye shina la afra lililokomaa, tuambieni kupitia mwenyekiti wa kikundi chenu. Mvua ikishashika vizuri tutapanga siku ya kugawana vipande, bila pesa. Kila mmoja aje na kopo la mchanga lenye unyevu na chupa iliyokatwa. Juma lijalo tunarudi kwenye karanga, na wadudu wake.